Alama 82 za nini? Maswali yenu kuhusu riviu za kamera

Mwezi huu hakuna aliyeniuliza kuhusu taa wala pozi. Karibu nyote mnataka kujua jambo moja: yule mtu wa mtandaoni aliyeisifu kamera fulani, anaaminika? Nimechagua machache, maana mengine yamefanana kama mapacha.

Mzee wa studio, tovuti moja ya kupima kamera imeipa Nikon D3300 alama 82 na Canon 5D Mark III alama 81. Zote mbili nimezipata za mtumba hapa Kisumu, na Nikon ni ya bei nafuu mno. Kwa nini nisichukue yenye alama nyingi na bei ndogo? (Mwanafunzi, Maseno)

Mwanangu, hiyo ni DxOMark, na alama hizo ni zenyewe. Hawajakudanganya. Ni wewe uliyeona alama ya somo moja ukadhani ni ripoti fomu nzima.

Kinachopewa alama pale ni kihisi peke yake, kile kibamba kinachopokea mwanga ndani ya kamera. Wanapima rangi, wanapima kihisi kinaweza kushika mwanga kutoka giza gani hadi weupe gani, na wanapima picha inabaki safi kiasi gani mwanga ukififia. Kisha wanachanganya yote matatu kuwa namba moja. Fokasi haimo. Kasi haimo. Mvua, vumbi na mikono yenye jasho havimo.

Sasa zishike kamera zenyewe. Canon hiyo, ya 2012, ina nukta 61 za fokasi. Nikon, ya 2014, ina 11. Canon ina nafasi mbili za kadi, Nikon moja. Siku kadi itakapogoma kusomeka baada ya harusi, na mama wa bwana harusi anakupigia simu kila baada ya nusu saa, ndipo utakapojua thamani ya nafasi ya pili. Halafu fungua ile namba uone kilichomo: kwenye mwanga hafifu Canon inaiacha Nikon mbali, kwa sababu kihisi chake ni milimita 36 kwa 24, eneo zaidi ya mara mbili ya kihisi cha Nikon. Na kwa hesabu ya DxOMark wenyewe, alama 15 ndizo stopu moja, yaani mwanga mara mbili. Tofauti ya alama moja hakuna jicho litakaloiona, hata la tai.

Lakini kama kazi yako ni kupiga viatu na vitenge vya wauzaji wa Instagram, mezani, kwenye taa yako mwenyewe, chukua Nikon. Hela itakayobaki itie kwenye lenzi.

Shule yetu inataka kamera ya klabu ya wanahabari. Tovuti ya kulinganisha inasema ya kwanza ina sababu 14 za kuishinda ya pili, na ya pili ina sababu 9 tu. Tununue ya kwanza? (Mwalimu, Kakamega)

Mwalimu, wewe unasahihisha insha kwa kuhesabu sentensi? Tovuti za aina hiyo huchota orodha ya sifa kutoka kwa watengenezaji, kisha programu ndiyo inayohesabu. Mara nyingi hakuna mtu aliyeigusa kamera. Kuwa na GPS ni sababu moja, kuwa na tundu la maikrofoni ni sababu moja, uzani sawa. Watoto wako watamhoji chifu uwanjani upepo ukivuma, GPS itawasaidia nini? Tafuta tundu la maikrofoni kwanza. Jedwali lao litumie kama jedwali, kisha hakikisha unachokitaka kwenye kijitabu cha mtengenezaji. Sehemu ya mshindi usiisome kabisa.

Kuna kijana wa YouTube namfuata sana. Juzi alisema wazi kwamba kampuni ilimtumia kamera bure. Niendelee kumwamini? (Mpiga picha wa harusi, Nakuru)

Dada, aliyesema wazi amekuheshimu. Wa kuhofia ni yule asiyesema.

Mimi sishughuliki sana na kamera ya bure. Naangalia viungo vilivyo chini ya video. Ukibonyeza na kununua, yeye hupata kamisheni, na ndiyo biashara ya wengi wao. Wengi hudhani kwamba kamisheni inamfanya apendelee kampuni moja. La. Ukinunua Sony analipwa, ukinunua Fujifilm analipwa. Asicholipwa ni wewe kubaki na kamera uliyonayo. Ndiyo maana utasikia mara mia kwamba hii ni bora kuliko ile, na kwa nadra sana utasikia kwamba ya zamani inakutosha. Akikuambia hivyo, mfuate huyo.

Sikiliza pia aina ya kasoro anazotaja. Kuna kasoro za mapambo: betri ingekuwa kubwa kidogo, menyu ina mambo mengi. Hizo hazimzuii mtu kununua. Kasoro ya kweli inauma: fokasi inapotea mtu akigeuka upande, mlango wa kadi unalegea. Na baada ya miezi sita tazama video zake: bado anaishika kamera ile, au ilirudi kwenye boksi wiki ile ile?

Mwenye duka kukulipa hakukufanyi mwongo moja kwa moja. DPReview, tovuti ya kupima kamera iliyoanzishwa na Phil Askey mwaka 1998, ilimilikiwa na Amazon, duka kubwa la mtandaoni, kuanzia 2007, na wapiga picha dunia nzima waliendelea kuitegemea. Sababu ni kwamba walionyesha kazi yao. Meza moja yenye vitu vile vile, kamera baada ya kamera, na wewe mwenyewe unachagua ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga), unaziweka nne pamoja na kuvuta karibu. Amazon walipotangaza Machi 2023 kwamba inafungwa, kulikuwa na kilio. Juni mwaka huo ikachukuliwa na kampuni ya Gear Patrol.

Kila riviu inasema kamera yangu ina rangi nzuri za ngozi. Nikiwapiga watu wetu, nyuso zinatoka za kijivu au nyeusi tii. Nimeuziwa uongo? (Kondele, Kisumu)

Hili ndilo swali nililolingoja miaka mingi. Anayeisifu hakupiga uso kama wako. Pitia picha zake za mfano: theluji, mbwa, mkewe amekaa dirishani. Nimewahi kusoma riviu ndefu mwanzo hadi mwisho nisikutane na uso mmoja mweusi. Hata ile kadi ya kupimia rangi, ColorChecker, iliyotoka 1976, ina miraba 24, na ngozi nyeusi imepewa mraba mmoja, ule wa kwanza, rangi ya kahawia. Ngozi nyeupe nayo imepewa mmoja, kweli, lakini wao wana picha zote za mfano zilizobaki.

Sasa tuangalie kinachotokea mkononi mwako. Mita ya kamera, yaani kipima mwanga chake, hudhani dunia ni ya kijivu cha wastani. Bibi harusi akisimama mbele yako, gauni jeupe limejaza fremu, mita inaona weupe mwingi na kupunguza mwanga. Gauni linakuwa kijivu, uso unazama. Ukifika nyumbani unauinua uso kwenye kompyuta, na hapo kihisi dhaifu kinaumbuka: shavuni zinatokea chembe za kijani na zambarau, kama mchanga wa ziwani.

Na si kosa la kamera kila mara. Juzi nilikuwa na picha ya bibi harusi chini ya hema la buluu. Shavu la kushoto, lililoelekea kitambaa cha hema, lilikuwa rangi ya majivu. La kulia, lililoelekea mlangoni, lilikuwa zuri kabisa, hudhurungi yenye uhai. Kamera moja, sekunde moja. Nilimsogeza hatua tatu mlangoni, mambo yakaisha.

Kwa hiyo ukisoma kuhusu rangi za ngozi, tafuta mambo mawili. Kwanza, faili ghafi (RAW, ambayo kamera haijaichakata) unayoweza kuipakua, yenye mtu mweusi kwenye jua. Inue vivuli kwa stopu mbili mwenyewe, uone kilichobaki shavuni. Pili, tafuta wapiga picha wa Lagos, Johannesburg au Nairobi wanaoitumia kamera hiyo kazini. Picha ishirini za harusi zao zitakufundisha zaidi ya kurasa ishirini za maneno.

Nataka kamera ya video za harusi. Riviu nyingi zinasema hii haichemki. Niamini? (Ahero)

Uliza imejaribiwa wapi. Canon EOS R5 ilipotoka 2020, Canon wenyewe walisema video ya 8K ingekwenda kama dakika 20, kwenye joto la nyuzi 23. Nyuzi 23! Ahero saa nane mchana, ndani ya hema, nyuzi 23 utazipatia wapi? Mimi mwenyewe nilinunua flashi iliyosifiwa kwa uvumilivu, na alasiri moja ya Februari ikakataa kuwaka kabla keki haijakatwa. Aliyeisifu alikuwa sebuleni, amevaa sweta.

Kuna jambo jingine ambalo riviu za Marekani haziwezi kukuambia. Umeme wao ni wa hezi 60, wetu ni wa 50. Ukifuata ushauri wao wa kuweka kasi ya shata, yaani muda wa kupokea mwanga, 1/60 ya sekunde chini ya taa za ukumbi, utaona mistari ikipita kwenye video. Weka 1/50 au 1/100. Kamera nyingi zina chaguo la PAL na NTSC kwenye menyu, yaani mfumo wa video wa nchi za hezi 50 na wa nchi za hezi 60. Kwetu ni PAL.

Kamera ina nyota 4.8 kutoka kwa wanunuzi mia tisa. Watu mia tisa wanaweza kukosea? (Nyamira)

Wanaweza hata kukodishwa. Mwaka 2013 tume ya ushindani ya Taiwan iliitoza Samsung faini ya dola milioni 10 za huko kwa kulipa watu waisifu mtandaoni na kuiponda HTC, mshindani wake wa simu. Soma nyota tatu kwanza, ndiko waliko watu walioitumia bila mapenzi wala hasira. Na hakikisha maoni yenyewe yanahusu kamera. Wakati mwingine nusu yake yanasifu mkoba uliouzwa nayo.

Je, picha za mfano za simu? (Busia)

Usiziamini hadi upate faili kamili. Mwaka 2016 Huawei walitoa picha nzuri kwenye tangazo la simu ya P9. Watu wakafungua taarifa za faili, wakakuta imepigwa kwa Canon 5D Mark III.

Kamera mpya inatoka mwezi ujao, na riviu zimeshajaa sifa. Niagize mapema? (Eldoret)

Ningekuwa wewe, ningengoja. Nikon D600 ilitoka 2012 ikasifiwa. Wanunuzi ndio waliogundua kwamba kihisi chake kinachafuka haraka isivyo kawaida, na hilo halionekani kwa mtu aliyekopeshwa kamera kwa wiki moja. Mwaka uliofuata ikaja D610, na 2014 Nikon wakakubali kuzihudumia D600 bila malipo. Kwa anayenunua mtumba hii ni bahati: kamera ya miaka minane siri zake zote zimeshatoka. Soma riviu yake ya zamani, kisha tafuta mafundi wanasema huharibika wapi.

Duka halitaki nijaribu kabla ya kulipa. (Nakuru)

Toka, nenda la pili. Huhitaji kupiga mjini kote. Nenda na kadi yako, iweke ndani, mwombe kijana wa dukani asimame mlangoni ameshika karatasi nyeupe karibu na shavu. Piga moja jua likiwa nyuma yake na moja likiwa mbele, kisha geukia kona yenye giza kabisa ya duka upige nyaya zilizoning'inia. Kadi ni yako, utazitazama nyumbani bila kusukumwa. Ila nenda asubuhi. Jioni wakifunga, hakuna atakayekusimamia mlangoni.