Barua kwa mwanangu: kwa nini wazee wa jeshini bado wanatutafuta

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Tabora. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti, na hayo umeyazoea kuyasikia.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini yule mzee wa Bukoba, mara tu aliposikia umehamishiwa Mwanza, alikupigia na kukueleza habari za harusi ya mjukuu wake, za migomba yake iliyopata mnyauko na za safari ya mkewe kwenda kumwuguza binti yao Mbeya, ilhali baba yako amekwisha kufariki na wewe huyo mzee humkumbuki hata sura. Ukauliza pia kama unawajibika kwenda kwenye hiyo harusi. Nilikujibu kwa kifupi kwamba ndiyo, nenda, lakini naona jibu hilo halikukutosha.

Baba yako na mzee huyo walikuwa kombania moja. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978 na daraja la Kyaka likavunjwa, walipelekwa pamoja, wakavuka mto pamoja, na wote wawili walikuwa hai Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili 1979. Baada ya hapo hakuna aliyewauliza wangependa kukaa karibu na nani. Wengine walibaki Uganda hadi mwaka 1981, wengine wakapata uhamisho wa kwenda vikosi vya mbali, na wanamgambo waliokuwa wameitwa kutoka mashambani walirudi kwenye majembe yao. Watu waliokuwa wakilala handaki moja wakajikuta mmoja yuko Songea, mwingine Tarime, mwingine Kigoma, mwingine Tanga, na kila mmoja akaingia kwa njia yake katika ile miaka ya kufunga mikanda, ambapo hata kipande cha sabuni kilikuwa cha kupangia foleni.

Undugu huo ungeweza kufia hapo, na kwa wengine wengi ulifia hapo. Kwa hawa wetu haukufa, na nitasema wazi kwamba sababu mojawapo ni sisi wanawake wa kota. Wanaume walikuwa wanajua majina ya utani ya wenzao na namba zao za jeshi. Sisi tulikuwa tunajua nani amejifungua, nani amehamia wapi na sanduku la posta la shule ambayo barua ingepitia. Ndiyo maana barua zao zilijaa mambo ya nyumbani tangu mwanzo. Mume alitamka, mke akaongeza yake, na mtoto aliyekuwa na mwandiko mzuri ndiye aliyeshika kalamu.

Bado ninazo baadhi ya barua hizo, ndani ya lile sanduku la bati ulilokwenda nalo shule ya bweni. Moja imetoka Songea, kwenye karatasi iliyochanwa katikati ya daftari la hesabu, yenye vijisanduku. Inaanza kama zilivyoanza zote: ama baada ya salamu, dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali zenu. Kisha mahindi yamefika kiunoni. Kisha mtoto wa pili amefaulu darasa la saba lakini ada haijapatikana. Kisha shemeji amesafiri hadi Tunduru kwenye msiba na amerudi na homa. Ukurasa mzima ni hayo. Mwishoni kabisa, chini ya salamu za watoto, kuna mstari mmoja: "Mguu unaendelea hivyo hivyo." Mguu huo uliumia vitani Lukaya, Uganda, Machi 1979. Baba yako alikuwa akiyasoma ya mahindi kwa sauti ili sote tusikie, na akifika kwenye mstari huo anasoma kimya, kisha ananiambia niandike jibu siku hiyo hiyo.

Hapo, mwanangu, ndipo lilipo jibu lako. Wewe ulisikia mzee anakusimulia migomba, ukadhani hana la maana la kusema. Hawa wazee hawakuwa na lugha nyingine ya kuulizana kama mtu bado anaweza kuishi na yale aliyoyaona. Mwenzao akiandika kuhusu ng'ombe, shamba na mtoto aliyeposwa, walijua analala usiku. Akinyamaza misimu miwili, au akianza kuandika ya vita tupu bila kutaja hata mtoto mmoja, waliingiwa na wasiwasi, na mmoja wao alitafuta nauli. Nimeona hilo likitokea kwa yule wa Kigoma. Alinyamaza, na baba yako akaomba likizo, akaenda, akakaa naye huko wakichimba msingi wa nyumba. Sijui walizungumza nini, na sikuuliza.

Kuhusu safari, sisi wa Tabora tulikuwa na bahati, kwa sababu treni ya kutoka Dar es Salaam ilikuwa ikikatwa hapa, mabehewa mengine yakielekea Mwanza na mengine Kigoma, na zoezi hilo lilichukua muda. Aliyekuwa akisafiri alitutumia habari mapema, nasi tukaenda stesheni na kuku wa kuchemsha na chupa ya chai. Wewe ulikuwa unachoka kusubiri, ukalala juu ya magunia ya watu. Meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 tulikaa karibu na redio tukijua kwamba mke wa huyu mzee wa Bukoba alikuwa na mazoea ya kuvuka kwenda Mwanza kibiashara, na wote, kutoka Tanga hadi Songea, walikuwa wakiulizana habari zake kabla hata ya ndugu zake wa damu kupata jibu. Safari hiyo hakuwa amepanda.

Simu za mkononi zilirahisisha mambo, ingawa mwanzoni ilikuwa ni kubipiana tu kwa kukosa salio. Siku hizi wanatumiana picha za wajukuu na sauti ndefu ambazo nusu yake ni kukohoa. Sidharau gwaride la Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, wala maua yanayowekwa kwenye makaburi ya Kaboya, kule Kagera, walikozikwa wenzao wa vita hiyo. Ni haki yao. Lakini gwaride halijui kama binti wa mtu amerudi nyumbani na watoto watatu.

Baba yako alipofariki, walikuja wanne, na wale wasioweza kusafiri walituma rambirambi kwa M-Pesa. Mzee wa Bukoba ndiye aliyekaa nami kupanga karatasi za mafao, kwa sababu alikuwa anajua vikosi vyote alivyopitia baba yako kuliko nilivyojua mimi.

Basi nenda. Kwa kuwa daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, basi halisubiri tena kivuko, kwa hiyo usitumie umbali kama kisingizio. Ukifika mpe shikamoo na umwite baba mkubwa, maana alimtangulia baba yako jeshini. Nitakutumia dumu la asali kwa basi la Mwanza. Nusu ni yake na nusu ni ya maharusi, usiifungue njiani. Akikuuliza habari zako, usimjibu "nzuri tu" kama unavyonijibu mimi. Mweleze kazi, kodi ya nyumba, na yule binti wa Shinyanga ambaye unadhani sijasikia habari zake. Akitaka kukupeleka Kaboya, mfuate, na umwache aseme au anyamaze apendavyo.

Nijulishe siku utakayosafiri ili nimpigie mkewe mapema, kwani hapendi mgeni wa kumshtukiza.

Mama yako