Leza nyekundu inang'oaje elektroni ya haidrojeni?

Swali: Shuleni tulifundishwa mwanga wa frikwensi ndogo hauwezi kung'oa elektroni hata uuongeze ukali vipi. Sasa nasoma kwamba leza ya nanomita 800 inaing'oa ya haidrojeni. Imekaaje hii?

Jibu: Mwalimu wako hakukosea, ila alikua anaongelea fotoni (vipande vya mwanga) moja moja. Elektroni ya haidrojeni inadai nishati ya elektronivolti 13.6 ndo iachie kiini, na fotoni ya nanomita 800 inabeba 1.55 tu, kwahiyo piga hesabu, fotoni 8 zinatoa 12.4 haitoshi, 9 zinatoa 13.95, na ile 0.35 inayozidi elektroni inaondoka nayo kama mwendo.

Wengi wanadhani inapanda ngazi, inameza moja, inatulia, inasubiri nyingine. Hamna. Kituo cha kwanza juu ya ardhi, yaani juu ya ngazi ya chini kabisa elektroni inapokaa, kiko elektronivolti 10.2, chini ya hapo hakuna pa kukanyaga, elektroni iko hewani tu na isipopata fotoni nyingine ndani ya muda usiofika hata femtosekunde moja (sekunde ukiigawa kwa milioni bilioni), inarudi ilikotoka. Ndo maana taa ya kawaida haifui dafu, fotoni zake zinakuja kwa kuachana mno. Mwanafizikia Maria Göppert-Mayer alishapiga hesabu ya fotoni mbili kumezwa kwa pamoja mwaka 1931, leza yenyewe ikaja 1960.

Kinachonifurahisha mimi ni ile namba 9. Kasi ya kung'oa inafuata ukali wa mwanga ukijizidisha mara 9, yaani ukiongeza ukali mara 2 kasi inapanda mara 512. Nikiwa kwenye kifaa cha kuhesabu ayoni (atomu zilizong'olewa elektroni), napunguza leza kwa asilimia 10 tu, kitu jicho halioni kabisa, alafu kati ya ayoni 100 zinabaki kama 39. Lenzi ikisogea kidogo unadhani mashine imekufa!

Ila usiende nayo mbali sana hii, karibu na wati trilioni 100 kwa sentimita ya mraba kuhesabu fotoni kunaanza kupwaya, elektroni inapenya ukuta wenyewe, ule wa mvuto wa kiini unaoizuia.

Na kama shida yako ni ayoni tu, achana na 800, chukua nanomita 243. Fotoni mbili zinafika 10.2 kamili, hapo sasa pa kukanyaga papo, ya tatu inamalizia kazi.