Kwa nini F2 ya Pendo na GPBD 4 haitoi 3 kwa 1

Mleta uzi amechavusha karanga ya aina ya Pendo kwa GPBD 4, aina ya karanga inayokinza kutu (ugonjwa wa kuvu wa majani), akapanda mimea 160 ya F2, yaani kizazi cha pili cha mchavusho (wa kwanza ni F1), akategemea mitatu mizima kwa kila mmoja wenye kutu. Alichopata ni mimea ya kila hali, kuanzia safi hadi iliyoungua, na anauliza kama mbegu zilichanganyika.

Inawezekana zilichanganyika, nitafika huko. Lakini hata mbegu safi isingekupa 3 kwa 1. Hesabu hiyo ni ya jeni moja inayotawala kabisa, yaani nakala moja tu inatosha kuonyesha tabia yote. Ukinzani wa GPBD 4 ni wa kupunguza kasi: vipele vya kutu huchelewa kutokea, huwa vidogo na hutoa vimbegu vichache vya kuvu. Ulitoka kwa karanga pori ya Bolivia, Arachis cardenasii, na umekaa hasa katika vipande viwili vya urithi, kimoja kwenye kromosomu A03 na kingine kwenye A02. A03 ndiyo nzito, kwa kutu na kwa madoa ya mwisho (late leaf spot), ugonjwa mwingine wa kuvu wa majani. A02 inaongeza nguvu. Karanga ina kromosomu 40, seti nne: mbili za aina A na mbili za aina B. Lakini A hujipanga na A na B na B, kwa hiyo kila kipande hurithiwa kama kwenye mmea wa seti mbili. Mmea wenye nakala zote mbili za vipande vyote viwili ni 1 kati ya 16. Katika 160 wako ni kama 10 tu. Waliobaki ndio huo mlolongo uliouona.

Kinachoharibu zaidi ni upimaji. Alama ya ugonjwa ya 1 (safi) hadi 9 (imeungua) ukiitoa kwa mmea mmoja mmoja wa F2 haiaminiki, kwa sababu mmea wa pembeni mwa shamba na wa katikati haukupata mzigo sawa wa kuvu. Vuna kila mmea peke yake, panda uzao wake kama mstari wa F3 (kizazi cha tatu), rudia mara mbili, kisha pima mstari. Kila baada ya mistari 4 weka mstari wa aina inayougua sana, na uipande mapema kuliko majaribio ili iwe imeanza kutoa kuvu. Usipulizie dawa ya kuvu hapo. Mmea wenye ukoma wa karanga uondoe kwenye hesabu. Huo ni virusi na unadumaza majani kiasi kwamba alama yake haina maana.

Toa alama tatu kwa kila mstari, moja kwa kila ugonjwa. Kutu ni vipele vya rangi ya chungwa chini ya jani; ukipitisha kidole hubaki unga, na jani hukauka likiwa limeshika. Madoa ya mapema (early leaf spot) ni ya kahawia, mara nyingi yana duara la njano, na unga wake uko juu ya jani. Madoa ya mwisho ni meusi na unga uko chini. Yote mawili hupukutisha majani. Ukiyajumlisha kama "majani mabaya", mmea uliokingwa dhidi ya kutu lakini ukaliwa na madoa ya mapema utautupa bure. Andika pia siku ya kuchanua, kwa maana mmea unaochelewa kukomaa hubaki kijani na kukudanganya kuwa ni mkinzani.

Sasa kuhusu mchanganyiko. Ua la karanga hujichavusha lenyewe alfajiri. Vifuko vya chavua vitolewe jioni iliyotangulia, chavua iwekwe asubuhi, kikonyo kifungwe uzi wa rangi, na maua mengine ya mmea huo yang'olewe kila siku. Kikisalia kifuko kimoja, unachoita F1 huenda ni Pendo tupu. Pima F1 maabara kwa kitambulisho cha DNA cha kipande cha A03 kabla ya kuikuza.

Ukitaka kurudisha kwa Pendo, yaani kuchavusha uzao na Pendo tena na tena ili ubaki na Pendo yenye ukinzani, mimea yenye vipande vyote viwili ni 1 kati ya 4 katika kila kizazi. Mimea 11 inakupa uhakika wa 95% wa kupata angalau mmoja. Baada ya marudio matatu, karibu 94% ya urithi ni wa Pendo. Ukiiacha mimea hiyo ijichavushe, unahitaji mimea 47 kwa uhakika uleule wa kupata 1 kati ya 16.

Hesabu ya 11 inatosha kubeba kipande, haitoshi kukikata, yaani kukifupisha ili kuacha urithi usioutaka ulio pembeni yake. Kipande cha karanga pori hubadilishana kwa shida na cha karanga yetu, kikahama kizima na tabia usizotaka zilizo jirani. Hata kama mkato ungetokea kwa 5% upande mmoja, ungehitaji mimea 59 yenye kipande ili kuupata. Kata upande mmoja katika kizazi kimoja, wa pili katika kinachofuata.

Na chanzo hiki hakitakusaidia sana kwa madoa ya mapema, ambayo kusini mwa Afrika ndiyo huumiza zaidi. Kwa hayo tafuta mzazi wa pili, umpime katika eneo ambako ugonjwa huo huja kila msimu.