Ukungu wa Kanaba: niwashe taa gani, niende mwendo gani?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Naendesha Fuso, nabeba viazi kutoka Kisoro kwenda Kampala, na huwa naondoka kabla hakujapambazuka. Kuanzia Kanaba hadi msitu wa Echuya ukungu unakuwa mzito sana. Nikiwasha fulu naona weupe mtupu. Tanboi wangu ananiambia niwashe hazadi (indiketa zote mbili pamoja), nifuate taa za gari la mbele. Ni sawa?

JIBU: Marahaba, ndugu dereva. Hapana, si sawa, na hilo la kufuata taa za mwenzako ndilo linalonitia hofu zaidi.

Nianze na taa. Ukungu ni matone madogo mno ya maji yanayoelea hewani. Fulu hutupa mwanga mbele na juu, matone yanaurudisha machoni mwako, ndiyo maana unaona ukuta mweupe. Weka dimu, ambayo huelekeza mwanga chini barabarani. Kama lori lina taa za ukungu zilizofungwa chini kwenye bampa, ziwashe pamoja na dimu. Usipoteze pesa kununua balbu za njano kwa ajili ya ukungu: matone hayo hutawanya rangi zote karibu sawa.

Lakini hakuna taa itakayokuokoa ukienda mbio. Kwa kilomita 60 kwa saa gari linakula karibu mita 17 kila sekunde. Sekunde moja na nusu ya kushtuka na kukanyaga breki ni mita 25, tairi hazijaanza hata kupunguza mwendo. Lori lenye mzigo, juu ya lami iliyolowa, litataka mita nyingine 35 au zaidi. Sasa ikiwa unaona mita 50 tu, na mbele yako kuna bodaboda isiyo na taa au ng'ombe wanaovuka, utawagonga hata ukiwa dereva hodari. Nenda mwendo utakaokuwezesha kusimama ndani ya nusu ya umbali unaouona, kwa sababu anayekuja naye anaweza kuwa ameingia upande wako. Hapo ni kilomita 30, pengine chini zaidi. Tazama mita ya spidi. Macho pekee hayatoshi pale miti na kingo za barabara zinapopotea. Kwenye mteremko shuka na gia ndogo, usiweke frii (gari bila gia) kamwe.

Ukimfuata mwenzako kwa karibu, akikosea kona utakosea naye, na akisimama ghafla utamwingia. Fuata mstari wa pembeni kushoto. Hazadi nazo, ukiwa unatembea, huficha indiketa zako, na wa nyuma hajui kama umesimama au unakwenda. Kabla ya kuondoka futa tope kwenye taa za nyuma na viakisi. Wengi husahau kabisa. Kioo kikipata mvuke ndani, elekeza hewa ya moto kwenye kioo na ufungue dirisha kidogo.

Ukiweza, ondoka jua likishachomoza. Ukungu wa mabondeni kule ziwa Bunyonyi mara nyingi huinuka asubuhi, ingawa ule wa mlimani ni wingu lenyewe na unaweza kukaa zaidi.

Ukishindwa kuona, toka barabarani kabisa, si nusu nusu. Hapo ndipo uwashe hazadi, na tanboi aweke pembetatu mbali nyuma ya lori. Usiweke matawi ya miti badala ya pembetatu, hayaakisi mwanga. Kisha ninyi wawili mkae mbali na lori, upande usiopita magari.