Boriti hazijamwotesha hata laika

Wiki hii mmeuliza kama mazoezi na kutunisha misuli huotesha nywele mwilini. Mimi ni hamali, mwaka wa 16 sasa napakua boriti na mawe ya Maweni hapa gatini Lamu, na vifua nimeviona vingi.

Yuko mwenzetu, boriti tunazobeba mojamoja yeye huweka mbili begani. Mgongo umejengeka, lakini kifua kinateleza kama sahani, laika, yaani unywele wa mwilini, hakuna. Halafu mtazame ami yangu, fundi cherehani. Mzigo wake mzito maishani ni jora la kitambaa, na malaika yamempanda mpaka yanachungulia kwenye kola ya kanzu.

Kubeba vizito kweli hupandisha testosteroni, ile homoni ya kiume, ila kwa muda mfupi. Ndani ya saa moja hivi imesharudi pale pale. Kinachoamua ni jinsi kila kinyweleo kinavyoipokea, na hilo ni la kurithi. Vinyweleo vyenyewe mtu huzaliwa navyo. Ikija balehe, malaika laini huanza kugeuka nywele nzito, na mgeuko huo huendelea polepole hata baada ya miaka 30. Basi kijana akianza vyuma na miaka 17, akifika 22 kifua kimeota, sifa anavipa vyuma. Angeshinda barazani na mkate wake wa mofa angeota vilevile! Na homoni hiyo hiyo inayootesha kifuani ndiyo inayokausha utosini kwa waliorithi upara. Ami yangu kofia haimtoki.

Mpwa wangu ana vyuma vyake uani, bomba lenye kopo la rangi lililojazwa saruji kila upande. Juzi nimemkuta anajinyoa kifua kwa wembe. "Ziote nyingi, mjomba." Nikamwambia unywele ukikatwa ncha huwa butu, ndiyo ukwaruzao, lakini hauongezeki. Mwaka 1928 Mmarekani Mildred Trotter alilipima jambo hili kwenye ndevu za wanaume, akakuta kunyoa hakubadilishi kitu.

Dada zetu wanaoogopa vyuma wasije wakaota ndevu, wanyanyue tu. Testosteroni yao ni kidogo mno. Zikitoka ndevu na hedhi ikavurugika, hapo waende hospitali, huenda ni ovari.

Sindano za steroidi ni jambo jingine. Hizo ni homoni zilizotengenezwa kuiga testosteroni, na kipimo kinachopigwa hupita mbali kile cha mwili. Humwotesha mwanamke ndevu na kumkwaruza sauti. Mwanamume humtoa chunusi mgongoni na korodani zikasinyaa. Nilipomweleza mpwa wangu, la korodani hakulisikia, aliuliza bei. Wembe nimemwachia. Hilo la sindano nimeshamfikishia mamake.