Mtoto akiumwa na nge, wembe uwekeni mbali

Juzi usiku dada mmoja wa Urambo kanitumia meseji, mtoto wake kakanyaga nge karibu na bani la kukaushia tumbaku na bibi mtu keshashika wembe. Nikamjibu asikubali mtoto achanjwe, ampe dawa ya maumivu waondoke waende kituo cha afya. Asubuhi kaniambia mtoto anakunywa uji, jamani nilifurahi mno! Ndo maana naandika, maana hili nalijua kwa uchungu.

Mtoto wangu aliumwa na nge Sikonge, tulienda kusalimia ukweni mvua zikiwa ndo zimeanza. Kavaa ndala gizani, mara yowe. Watu wakajaa, huyu kaleta mafuta ya taa, huyu kamba ya kufunga mguu, mwingine jiwe jeusi eti linanyonya sumu, na mama mkwe akataka achanjwe. Nikakataa. Nikamwosha kwa maji na sabuni, nikamwekea kitambaa cha maji baridi, nikampa Panadol ya maji, wao wanasema mke wa mjini ana kiburi, mtoto akifa atajua mwenyewe. Nimeshikilia mwanangu nalia lakini sikumwachia mtu.

Baadae akaanza kutoka mate mengi, jasho, macho yanazunguka hayatulii, hapo hapo bodaboda. Hospitali walimchoma sindano ya ganzi pale alipoumwa, maumivu yakapungua, wakamwekea oksijeni na kumwangalia hadi kulipokucha. Leo anasoma darasa la pili na anakimbia kuliko wenzake. Ila kuna watu ukweni mpaka leo hawanisalimii vizuri, na inaniuma.

Sasa nisikilizeni wazazi wenzangu. Wembe hautoi sumu, unaleta damu na pepopunda. Kamba inazuia damu isifike mguuni. Sumu ile ile ambayo mtu mzima ataugulia tu maumivu, kwa mtoto mwenye kilo kumi na kitu ni nyingi, inavuruga mishipa ya fahamu, moyo na mapafu. Paracetamol, ndo hiyo Panadol, ni miligramu 10 mpaka 15 kwa kila kilo ya mtoto, aspirini msimpe. Ukiona anatapika, mate yanamtoka, misuli inarukaruka, anapumua kwa shida au moyo unaenda mbio, hakuna kusubiri asubuhi, na akiwa mdogo sana mpeleke hata kama hana dalili yoyote.

Kule Mahad, India, daktari Himmatrao Bawaskar kwenye miaka ya 1980 alianza kuwapa wagonjwa wa nge mwekundu prazosin, dawa ya presha, na vifo vikapungua sana. Hiyo inatolewa na daktari, msiende kuinunua duka la dawa mkajipimia, naitaja mjue kwamba hospitali wana cha kufanya, wembe hauna.

Na mjue nge mwenye mkia mnene na magando membamba kwa kawaida ndo mkali zaidi. Kung'uteni viatu, chomekeni chandarua chini ya godoro, kuni na matofali visikae ukutani mwa chumba cha watoto. Ile taa ya kukagulia noti bandia, mulika nayo sakafuni usiku, nge anang'aa kijani mnamwona kabisa. Na nyie kina baba, msimu wa mvua wekeni pembeni hela ya bodaboda pamoja na namba ya dereva anayekubali kuamshwa usiku.