Jino la Abiria Lina Sumu?

SWALI: Shikamoo Mama Maabara. Mimi ni konda wa daladala ya Mbagala–Gerezani. Siku tisa zilizopita niligombana na abiria kwa ajili ya chenji ya mia tano, nikamtia ngumi ya mdomo. Jino lake likanichana juu ya fundo la kidole cha kati, mkono wa kulia. Kidonda chenyewe hakizidi punje ya mchele. Nikapaka spiriti, nikaendelea na kazi. Siku ya tatu mkono ukafura. Duka la dawa nikasema nimebanwa na mlango wa gari, nikapewa Flagyl na erithromaisini. Dozi nimemaliza, lakini kidole hakikunji, usaha unatoka, usiku silali. Mama anasema jino la mtu lina sumu. Wenzangu kituoni wanasema yule abiria ni mgonjwa. Ukweli ni upi?
Konda, Mbagala Rangi Tatu

JIBU: Marahaba mwanangu. Mhariri ameshakupigia simu uende Hospitali ya Rufaa ya Temeke, maana kidole hakingoji toleo la mwezi. Haya mengine nawaandikia na wenzako wenye ngumi nyepesi.

Mama yako hakukosea sana. Si sumu, ni bakteria. Midomoni mwetu wamo wa kila aina, na mmoja wao anaitwa Eikenella corrodens. Jina la kwanza linatokana na Eiken, mtafiti aliyemweleza mwaka 1958. La pili ni kwa sababu akioteshwa maabara, mara nyingi huchimba vishimo kwenye chakula chake sahanini, kama dudu kwenye ubao. Mdomoni hana neno. Huenda unaye hata wewe, kwa hiyo abiria wa watu usimsingizie ugonjwa. Kosa ni kumhamisha kwake.

Na ngumi humhamisha vibaya kuliko kisu. Ukikunja mkono, kano na mfuko wa kiungo hutanuka juu ya fundo la kidole, jino likatoboa mpaka ndani. Ukikunjua, kano hurudi nyuma na kuziba tundu. Kwa nje unaona punje ya mchele, kumbe kiungo kizima kimefungiwa wageni. Ndiyo maana spiriti haikufika, na ndiyo maana daktari anapaswa kukikagua kidole kikiwa kimekunjwa, apige na eksirei aone kama mfupa umeguswa au kipande cha jino kimebaki. Mara nyingi kiungo hufunguliwa na kuoshwa chumba cha upasuaji. Ukicheleweshwa, mfupa nao huoza.

Sasa huo mlango wa gari. Miaka ile nikiwa maabara tuliletewa usaha wa kijana, fomu imeandikwa "alikatwa na bati". Tukaotesha, sahani tukaiweka kwenye chupa yenye mshumaa unaozimika wenyewe, maana huyu anapenda hewa yenye kaboni dayoksaidi. Siku ya tatu nafungua kifuniko, harufu ya Jik! Hiyo ndiyo alama yake, na tulioizoea hatuhitaji hadubini kuanza kushuku. Nikamuuliza mwenzangu, bati gani hili lenye meno?

Nacheka, lakini uongo ule una gharama. Flagyl haimgusi Eikenella, erithromaisini kwa kawaida nayo haimwezi. Ungesema ni jino, mwenye duka angekutuma hospitali. Penisilini na ampisilini kwa kawaida humwua, ila kwa kuwa jino huingiza bakteria mchanganyiko, wengi hupewa amoksilini yenye klavulaneti. Dozi ni ya daktari, si yangu wala ya duka. Mwombe pia usaha uoteshwe, na umtajie dawa ulizokwisha kumeza.

Wenye kisukari au kinga dhaifu wajihadhari zaidi, hata kwa kung'ata kucha tu.

Uliza pia sindano ya pepopunda. Dawa za kujikinga na VVU huanzwa ndani ya saa 72, nawe umezipita, lakini kipimo hakijakupita, wala cha homa ya ini B. Na yule abiria, kama anapanda gari lenu kila siku, mwambie naye akapime. Damu yako ilimwingia mdomoni.